Kahindo wa Mabanga Anaharisha

Leo mtaa mzima umeshughulika na tumbo langu. Na tumbo langu, bandugu, liko zima kabisa. Nisikilizeni kwanza, mtacheka kisha.

Mnajua nilivyohangaika na ile programu yangu ya kuandikia wagonjwa. Tangu nimalize masomo, hii ndiyo kazi ya kwanza ya kweli kunifikia. Asubuhi nimeiweka kwenye kompyuta ya kituo kimoja cha afya, kule Keshero. Mama Furaha, muuguzi mkuu, akaniambia: "Kahindo, tunaijaribu leo tu. Ikienda muzuri, tunaipeleka mpaka kwenye vituo vya Kibati. Ikitusumbua, tunarudia makaratasi yetu."

"Mama, haitasumbua hata kidogo." (Mdomo wangu huu!)

Sasa muelewe kitu kimoja. Visanduku vya mstari mmoja, vya jina na umri, vina ufundi wake. Unaweka mfano kwa rangi hafifu, na mtu akianza kuandika, mfano unatoweka. Kile kikubwa cha mistari mingi, cha kuelezea ugonjwa, hakina ufundi huo kwa vifaa ninavyotumia. Maneno yote ndani yake ni meusi, yanafanana. Mimi na ujanja wangu nikasema, ah, niandike tu mfano humo ndani, wataufuta wenyewe. Na nikataka mfano uwe kamili, ili wauguzi nao waandike kwa kirefu:

"Kahindo wa Mabanga, karibu na mashini ya kusaga mihogo, anaharisha tangu juzi, anatapika, macho yameingia ndani."

(Jina langu mwenyewe! Na mahali ninapokaa! Nani alinituma?)

Tena nilikuwa nimeipa programu akili. Ikikuta kuharisha na kutapika kwa wagonjwa watano, inapeleka habari yenyewe kwa watu wa kolera, wale wanaopambana na kipindupindu. Hapo ndipo nilipojisifu zaidi.

Basi nikarudi nyumbani. Mama alikuwa amepika bugali na sombe ya majani ya mihogo, na samaki wadogo wa sambaza juu yake. Nikakaa mlangoni, sahani kwenye magoti, nakula kwa raha zangu, ninawaza Kibati.

Mara pikapu. Nyuma yake watoto wanakimbia. Ndani yake wanaume wenye mabuti na pompe za dawa mgongoni. Mmoja akatoa kichwa dirishani, akaita kwa nguvu zake zote: "Wapi kwa Kahindo mwenye kuharisha?"

Jirani yetu Mama Zawadi hakungoja aulizwe mara ya pili. "Ni pale! Kwenye mulango ya bluu! Maskini, asubuhi alipita hapa na viatu vyeupe, hakusema kitu!"

Mama yangu akaangusha mwiko. "Kahindo! Unaharisha na haukuniambia?"

"Mama, si unaona ninakula!"

Mkubwa wao, mzee mwenye kizibao, jile ya njano, anayeitwa Papa Bahati, akasimama mbele yangu. "Weye njo Kahindo?"

"Ni mimi, papa. Lakini niko muzima."

"Bote banasema vile. Ukae, usishike mutu."

Wakapiga dawa chooni. Wakapiga mlangoni. Wakapiga viatu vyangu vyeupe. Wakanikorogea maji ya chumvi na sukari, kikombe kikubwa, na mtaa mzima umejaa uani kuangalia kama nitamaliza. Nikamaliza. (Ungekuwa wewe, ungefanya nini?)

Kisha Papa Bahati akatoa simu, uso umekunjamana. "Mwanangu, ulikutana wapi na hawa batu? Jina yako iko kwa kila mugonjwa wa leo." Akaanza kusoma kwa sauti. "Muzee wa miaka sabini: Kahindo wa Mabanga anaharisha tangu juzi, anatapika, macho yameingia ndani. Goti inamuuma. Mama mwenye mimba: Kahindo wa Mabanga anaharisha tangu juzi. Mimba iko muzuri. Huyu alianguka na tshukudu yake ya kubeba mizigo: Kahindo wa Mabanga..."

Yesu wangu! Sentensi yangu! Na mikato yake yote!

"Papa, simama! Ile ni mfano!"

"Mfano ya nini?"

Basi nikaanza. Mimi, mdomo una chumvi, viatu vinanuka dawa, ninawaeleza akina mama wa mtaa wenye mabeseni kisanduku cha mistari mingi. Mama Zawadi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa huruma: "Na huyo sanduku ndiye alikuambukiza?"

Papa Bahati akampigia Mama Furaha, akaweka sauti juu. "Kumbe ilikuwa ya kufuta?" akashangaa yule mama. "Mimi nilizani njo serikali iliandika! Karatasi ya ofisi inakuja na maneno yake, haufute, unaandika chini. Na kila mugonjwa nilisema, maskini Kahindo, na asubuhi alikuwa muzuri vile!"

Nikaona Kibati inaondoka na lile pikapu. Machozi yalikuwa karibu, nawaambia ukweli.

Papa Bahati ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta macho. "Unajua, mwanangu, siku zingine habari inatufikia mutu amekwisha kulala chini. Leo tumefika, mugonjwa hajaanza hata kuumwa! Utoe ile mfano. Kesho uje na programu yako, tunaenda wote Kibati."

Mama alipiga vigelegele, mwiko mkononi.

Mfano nimeshautoa. Sasa uko juu ya kisanduku, nje, na hauna jina la mtu. Ila mtaa bado hauamini kwamba niko mzima. Mama Zawadi ameniletea majani ya mpera yaliyochemshwa, dawa ya kuharisha, chungu kizima, na nimekunywa. Ni rahisi kuliko kueleza tena kile kisanduku.