Dirisha la Mama Mukwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimepata dawa! Mama Marie-Thérèse, mama mukwe wangu mtarajiwa, huniandikia kwa simu kutoka Kabambare. Mimi humsoma kwenye kompyuta ya ofisi, hapa Kasongo. Salamu zake hazina mwisho: afya, shamba, kisha Babu Musafiri, baba yake mgonjwa. Nikichelewa kujibu, hunung'unika kwamba sina heshima. Bila mama, hakuna Darlène, binti yake. Basi nimeiagiza programu ya maongezi: mtu akiandika, dirisha lake likifunguka tu kwenye kompyuta, itoe salamu yenyewe. "Jambo sana! Babu iko muzuri? Amekula?" Mimi nani!

Jumanne, tarehe 4
Darlène anasema mama yake amefurahi mno. Eti mukwe gani huyu, anajibu kabla hujapumua! Placide, anayemtaka Darlène pia, husafiri kwa pikipiki yake siku nzima kwenye matope ili kumwamkia mama huyo. Maskini. Mimi nilikuwa sokoni nakula samaki. Nimewaongeza wajomba na mashangazi wa Darlène pia kwenye programu.

Alhamisi, tarehe 6
Aibu! Aibu! Babu Musafiri amefariki. Mama aliandika kunipasha habari. Dirisha likafunguka: amekula? Mama akafunga. Akarudi kuuliza kama nina wazimu. Babu iko muzuri? Mjomba akaingia kunikaripia, naye akaulizwa. Wakati huo niko kwa kinyozi, najisifu. Nimeyasoma yote nikiwa nimejifunika uso kwa kofia.

Jumamosi, tarehe 8
Kwenye kilio, Kabambare. Pikipiki iliyopatikana ni ya Placide tu! Amenibeba, hata kwenye daraja bovu alinishika mkono. Heri angenitukana. Nilipoingia, mashangazi walinisogezea sahani, wakauliza kama nimekula muzuri. Hata wacheza karata waliokuja kukesha waliangusha karata kwa kucheka. Nimepiga magoti mbele ya mama, nikalia machozi ya kweli. Sijawahi kujiona mdogo hivyo. Akasema kilio si mahali pa hasira. Wazee wakipanga siku ya posa, ataniandikia.

Jumatatu, tarehe 10
Nimejifunza! Zile salamu za kipumbavu nimezifuta zote. Sasa dirisha likifunguka, programu inalia: "Pole sana mama. Hii mambo imetuumiza wote. Mungu ndiye anajua." Heshima tupu. Natoka kwenda kuchagua mbuzi wa posa. Mama akiniandikia siku, atajibiwa hapo hapo.