Mayai Aliyokula Wardah

Kisiwani Chovai

Kwa Mkunga Hodan,
Zahanati ya wazazi, Kismayo.

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwanabibi, mama mkwe wa Wardah, yule mwenye virusi vya UKIMWI uliyemhudumia katika ujauzito wake. Kwa heshima zote, umeniharibia nyumba. Naeleza kwa nambari usije ukasema hukuelewa.

1. Huku kwetu mjamzito hupunguziwa chakula, mtoto awe mdogo, atoke kwa wepesi. Nimezaa saba kwa desturi hiyo, na wawili wangali hai. Wewe ukamwambia Wardah ale mayai, maini na samaki, eti vidonge vyake havitaki njaa. Akala. Kichwa cha chewa, ambacho miaka thelathini hakuna aliyekigusa ila mimi, akakifyonza mpaka mifupa ikang'aa.

2. Saa moja asubuhi simu inalia, anameza kidonge, na chai yangu inangoja.

3. Mtoto akazaliwa hapo kwako na kilo tatu na nusu. Majirani waliokuja na nyuso za msiba wakaishia kugombea kumpakata.

4. Ukakataza maji ya sukari: ziwa la mama tu miezi sita, na dawa ya matone ya kumkinga na virusi. Bakuli langu lililowaonjesha wanangu wote saba limefungiwa kabatini.

5. Kubwa zaidi, nilikwisha weka bafta ya sanda sandukuni, maana nilijua watoto wa namna hii huishia wapi. Juzi majibu yamekuja: mtoto hana virusi. Wardah ameikata bafta nepi. Mjukuu anaikojolea kutwa, mimi nafua huku nalia, na sijui nalia nini.

Kwa hiyo naomba uache mara moja kuwalisha wake za wana wetu. Nisalimie wauguzi wote, na yule bawabu aliyenizuia mlangoni na bakuli langu.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Mwanabibi

N.B. Aliyekuletea barua hii ni binti yangu Mishi, mmoja wa wale wawili. Ana mimba ya miezi minne, na walipompima majibu yamekuwa kama ya Wardah. Siku ya tatu hii hali kitu. Nimemfungia mayai sita ya kuchemsha, hakikisha ameyamaliza. Tafadhali mfanyie yote niliyolalamikia, usiruke hata moja. Bafta nyingine imebaki sandukuni, na safari hii nepi nitazikata mwenyewe.