Picha Iliyonenepa

Jumatatu, 8 Septemba

Kazi nzuri leo. Bi Wahida amekuja studio. Anataka picha ya mama yake isafishwe kubwa, aitundike sebuleni kabla wakwe wa binti yake Zaina hawajafika Jumapili kutoka Pangani. Ni ile niliyompiga mama huyo kwa simu kwenye harusi ya Zaina, akiwa amekaa na huyo mjukuu wake. Mama huyo, Bi Mwanaharusi, hapendi kamera. Ukiacha picha ya kitambulisho, hajawahi kukubali. Siku ile alikubali mara moja tu, tena kwangu. Si kwa Adila wa studio ya ng'ambo ya barabara. Kwangu mimi, Maulidi.

Nimemwambia Bi Wahida asiwe na shaka.

Jambo moja sikumwambia. Juzi simu ilijaa, nikapakua programu ya kubana picha zichukue nafasi ndogo. Nikazibana zote hadi mwisho wa kubana, na zile za asili zikafutika. Kwenye simu zinaonekana safi kabisa. Sioni tatizo.

Jumanne, 9 Septemba

Tatizo lipo. Nimesafisha ya majaribio, ndogo tu. Uso wa Bi Mwanaharusi umepasuka viraba viraba. Jicho moja limeungana na mtandio.

Nimetulia, nikafikiri. Mtandaoni wanasema picha ya aina ya JPG, kama hizi za simu yangu, ikibanwa hupoteza vitu, ila ya aina ya PNG haipotezi kitu. Basi nimeigeuza kuwa PNG. Faili limenenepa mara kadhaa! Uzito umerudi. Sura nayo haina budi kurudi.

Jumatano, 10 Septemba

Mashine ya kusafisha picha kubwa anayo Adila peke yake. Sina la kufanya. Nimempelekea, nikamwomba asiifungue, ni siri ya mteja. Ameifungua mbele yangu.

Akauliza kwa nini picha ya simu imekuwa PNG. Nikasema ni utaalamu. Akaivuta karibu, akaitazama, kisha akasema taratibu:

"Maulidi, hii uliibana kwanza, ndipo ukaigeuza. Kugeuza hakurudishi kilichotupwa. Umeuhamishia uji kwenye sufuria kubwa, lakini uji ni ule ule."

Akaendelea kunieleza. Ya kusafisha, acha ile ya asili ilivyo. Ya kutuma au ya kuokoa nafasi, bana nakala. Kugeuza ni pale anayeipokea anapotaka aina nyingine. Nilisikiliza kwa sikio moja. Nikamwambia asafishe tu.

Imetoka kama mtu anayeonekana nyuma ya pazia la bafu. Adila hakucheka. Hilo ndilo limeniuma. Amenipa kamera yake, akasema niende nikapige nyingine.

Alhamisi, 11 Septemba

Bi Mwanaharusi alisharudi kwake Mkange. Nimemfuata kwa bodaboda, vumbi hadi masikioni. Mpango: nimwamkie, na wakati anaitikia nimpige kwa chini chini, kamera ikiwa kiunoni.

Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniambia niiweke chini hiyo kamera. Akauliza ile ya harusini nimeifanya nini. Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Sijui ulikwenda wapi. Nikamwambia nimeiharibu.

Akaendelea kumenya kunde.

"Siku ile nilikaa kwa ajili ya Zaina," akasema. "Leo nikae kwa ajili ya nani?"

Nikamjibu kwamba Bi Wahida anataka kumwona sebuleni hata siku ambazo yeye yuko huku Mkange. Akainuka, akaingia ndani. Nikajua nimefukuzwa. Nikaanza kufunga kamera.

Akatoka amevaa kanga mpya. Akaketi pale pale, ungo wa kunde mapajani, akanitazama moja kwa moja. Nikapiga.

Jumapili, 14 Septemba

Imetundikwa. Adila aliisafisha kama ilivyotoka kwenye kamera, hakuibana wala hakuigeuza. Hata mikunjo ya vidole inaonekana. Bi Wahida alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ndiye mama." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Wakwe wakauliza nani kaipiga. Nikasimama. Ya kamera kuwa ya Adila sikuona haja ya kuyataja.

Jumatatu, 15 Septemba

Wateja wameanza kuja. Simu imejaa tena. Nimekaa kibarazani asubuhi nzima nikiyatafakari ya wiki iliyopita, na sasa nimelijua kosa langu. Ni mpangilio. Nilibana kwanza, nikageuza baadaye. Inatakiwa kinyume: zigeuzwe zote kuwa PNG, zinenepe vizuri, ndipo zibanwe. Zikishanenepa zitastahimili.

Nimeanza na ile ya Mkange, niliyoihamishia kwenye simu. Ya asili nimeifuta, ilikuwa inajaza nafasi bure. Adila naye kaniuliza kama anaweza kufuta nakala yake. Nimemwambia afute tu.