Godoro Lililohamisha Mtaa

Jumanne, 8 Septemba 1998
Redio inasema vita vinakaribia. Mtaa wetu wote wa Mikelenge unaogopa. Mimi zaidi! Lakini kinachonikosesha raha ni Donatien, kinyozi mwenzangu ng'ambo ya barabara. Watu wanajaa kwake kwa sababu wameona watu wamejaa kwake. Nimegundua siri: binadamu haamui peke yake, anamtazama jirani. Basi nitamkimbiza. Nimefunga godoro kwenye baiskeli kama mtu anayehama, nikaiegemeza mlangoni. Mama Mwavita, jirani, akauliza kama nimesikia jambo. Sikumdanganya. Nilishusha pumzi tu.

Jumatano, 9 Septemba
Mama Mwavita ameondoka na mbuzi wake. Saa nne, nyumba sita tupu. Saa sita, mtaa mzima mbio mtoni! Donatien bado ananyoa. Watu wote hawa wamejua nini? Nikamshika mmoja mkono. Akasema kuna kinyozi anayewanyoa maofisa, amefunga godoro. Mtu kama huyo hakosi habari.
Nilijua kinyozi huyo ni mimi. Hata hivyo nikakimbia pamoja nao. Tumevuka kwa mtumbwi: mimi, mke wangu Sharifa na binti yetu Rehema.

Alhamisi, 10 Septemba
Alunguli, ng'ambo ya mto. Mvua. Kila tawi likivunjika, najitupa chini. Sharifa ameniuliza nani alianza. Nimekiri. Amehamishia mkeka wake mbali nami.

Jumamosi, 12 Septemba
Tumerudi. Hakuna kilichotokea, ila wateja wangu wote sasa ni wa Donatien. Nikamuuliza alipata wapi moyo. Akasema naye aliogopa sana, ila alikwenda kwa Émilienne, mchuuzi aliyefika na mchele kutoka Kibombo, upande vita vinakotokea, akamuuliza ameona nini njiani. Hakuona askari. Kuuliza tu! Bahati yake.

Jumapili, 20 Septemba
Bunduki. Nazisikia kwa masikio yangu, upande wa Kibombo. Émilienne ametupa mchele njiani, amefika akikimbia. Donatien amenigongea mlango: "Baba Rehema, leo njo kweli, vita vimefika. Twende!"
Sharifa keshambeba mtoto. "Unangoja nini?"
Nimechungulia barabarani. Waliokimbia juzi wanaona haya. Wamekaa milangoni kwao, wananitazama nitafanya nini. Hakuna hata mmoja anayefunga mzigo. Kungekuwa na hatari, si wangekimbia?
Sharifa na Rehema wamekwenda na Donatien.
Mimi nimevua viatu.