Mapipa Kumi na Mawili ya Tindikali

Jumatatu, 3 Machi
Mkaguzi anakuja Alhamisi! Kiwanda chetu cha sabuni kinatakiwa kuwa na orodha ya kemikali zote, pamoja na mpango wa dharura. Meneja kasema atakayeifanya kazi hiyo vizuri atakuwa msimamizi wa usalama. Nimeshamwambia mke wangu cheo nimekipata. Naye kamwambia mama yake. Narudi nyuma vipi sasa? Mpinzani ni mmoja tu: Bi Maabara, anayepima sabuni na kupima watu.

Jumanne, 4 Machi
Nimehesabu tindikali stoo. Balaa! Mapipa thelathini na mawili. Yakizidi ishirini lazima tujenge kingo za zege kuyazunguka na kuwaarifu zimamoto. Nani ana muda huo? Akili ni nywele, nami japo nina kipara, si haba. Kumi na mawili nimeyaficha banda la nyuma, nikayafunika turubai. Orodha yangu inasema ishirini. Safi! Bi Maabara kaniuliza mbona nahema hivyo. Nikamwambia niko kwenye mazoezi.

Jumatano, 5 Machi
Mpango wa dharura unataka ramani. Bi Maabara alichora yake tangu wiki iliyopita, kaiacha mezani. Nimeinakili yote, nikaweka jina langu kwa herufi kubwa. Kuisoma sikuisoma. Haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuwa na mkaguzi mlangoni.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi, mama mpole, kaisifu orodha. Nikavimba kichwa. Kisha akataka zoezi, akapiga king'ora. Watu arobaini wakakimbilia mahali pa kukusanyika, kama ramani yangu inavyoagiza. Banda la nyuma! Mpishi alichoka, akakaa juu ya turubai. Mkaguzi akamwomba ainuke, polepole sana. Akafunua. Akahesabu. Jamani, aibu niliyoiona! Bi Maabara akasema ramani ni yake, na alipoichora banda lilikuwa tupu. Meneja alimwamini upesi mno.

Ijumaa, 7 Machi
Cheo kakichukua Bi Maabara. Mimi nimebaki stoo, nahesabu kila kopo upya, yeye kanisimamia mgongoni. Mama mkwe nimemtumia salamu kwamba nimepandishwa, ila kimyakimya. Tumekuta ndoo mbili za klorini zimezidi. Bi Maabara kasema tuziandike tu. Tuziandike! Watu wengine hawana ubunifu kabisa. Mkaguzi akirudi kutafuta ndoo, hawezi kufungua kabati la msimamizi wa usalama mwenyewe. Na ufunguo wa akiba ninao mimi.