Spika Hana Sauti

Jamani, leo nimepatikana. Nimetoka Thika asubuhi nikiwa fundi wa redio, nimerudi kichekesho.

Mnajua namtaka Wairimu. Mnajua pia babake, Mzee Kamau wa Ruiru, hanitaki mimi. (Ananiita "yule wa waya".) Yeye ni mwashi. Amechonga mawe ya lile jumba jipya la Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi, na mpaka leo wanamwita kurekebisha hapa na pale. Kwake, kazi ni jiwe. Redio ni mchezo.

Jana nilimkuta kwake amenuna.

"Kuna shida gani, baba?"

"Ni Spika. Hana sauti kabisa, anakwaruza tu. Na kesho mchana Baraza linakaa!"

Spika! Moyo uliniruka. Si ndiyo kazi yangu? (Hilo "hana" halikunishtua. Huku kwetu hata baiskeli hana breki.)

"Niachie mimi, baba."

"Kwani unajua dawa yake?"

"Wee! Nimeponya wengi kule Thika."

Mzee akanitazama kwa heshima, mara ya kwanza tangu anijue. "Basi twende. Akipona, tutaongea mambo ya Wairimu."

Kibali cha kusafiri, siku hizi za Hali ya Hatari, alinitafutia mwenyewe. Leo tukapitia mlango wa nyuma, askari wanamjua. Ngai! Jumba hilo! Mzee alinionyesha mnara wa saa, akanishika mkono, akaupapasisha ukutani. "Unasikia mahali jiwe limekutana na lingine? Husikii!" Kweli sikusikia. Nilimpenda sana mzee huyo saa ile.

Ndani, viti vimetazamana pande mbili, vile wazee hukaa wakijadili mahari. Mbele kuna kiti kirefu chenye paa lake.

"Kiti cha Spika," Mzee akanong'ona. "Ngoja hapa nimwite."

(Nikadhani anamwita msimamizi.)

Kumbe spika wameificha kwenye kiti! Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini, bisibisi mkononi. Natafuta waya. Hakuna waya. Nikazidi kuingia, makalio yakabaki nje.

Nyuma yangu, sauti ya kukwaruza: "Wewe nataka nini hapa?"

Nikatoka. Mzungu mzee, joho jeusi, nywele nyeupe za bandia mpaka mabegani. Mzee Kamau kando yake, mdomo wazi.

"Natengeneza spika, bwana."

"Spika iko mimi!"

Bisibisi ilianguka. Mzee akaninong'oneza, "Dawa iko wapi?"

Nikamgeukia Mzungu. "Ni makosa yangu, bwana. Nilidhani ni spika ya redio."

Mzungu akaitazama bisibisi. "Wewe nataka fungua mimi?" Akacheka mpaka akashikilia kiti. Sauti haitoki, mabega tu yanaruka!

Kwenye basi Mzee alinipa mgongo njia yote. Nikajua Wairimu ndiyo basi, na niliumia, siwafichi. Tuliposhuka Ruiru akaegemea ukuta wa duka, akacheka hadi machozi.

"Ati umeponya wengi! Lakini mwingine angenisingizia mimi. Wewe umekubali ujinga wako mbele ya mkubwa. Njoo Jumamosi na watu wako. Ila ujue, kwangu Spika ni mama Wairimu, na huyo sauti iko."

Watu wangu ni nyinyi. Kwa hivyo chekeni leo mmalize, Jumamosi msinicheke mbele ya Mzee.