Gitaa la Besi Lililobarikiwa kwa Bahati Mbaya

Jumanne, 12 Novemba 2024

Somo wangu Mtakatifu Athanasi, shikamoo. Natumaini hujambo huko uliko na wenzako wote ni wazima. Najua huko hakuna malaria, lakini kuuliza hali ni adabu. Sisi huku Mjimwema tuko salama, isipokuwa mimi.

Nakuandikia wewe kwa sababu kwa padri naona aibu, na kwa mke wangu Emerensiana naona hofu. Nimebeba jina lako tangu ubatizo. Nawe nibebee hili.

Habari ni hii. Mchana ni fundi baiskeli Bombambili, jioni napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya parokia. Miaka yote nilikuwa peke yangu. Sasa amehamia Romwaldi kutoka Lizaboni. Mpole, ana kipara, anafuga nguruwe. Anapiga amefumba macho. Akina mama wanasema anasali kwa vidole. Mimi nikifumba macho napotea, naishia wimbo mwingine.

Jumapili ya Kristo Mfalme kwaya za jirani zinakuja kwetu. Mwalimu wetu wa kwaya, Valence, ametangaza kwamba atakayepiga besi siku hiyo ni mmoja tu. Alitangaza huku akimtazama Romwaldi.

Leo nimemwona Mzungu kwenye simu. Anaeleza magitaa ya besi yanayochongwa kwa mkono, moja moja, na fundi mmoja. Anasema gitaa la kiwandani lina sauti tu, ila la fundi lina roho. Nikalifikiria la kwetu la kwaya. Limekazwa kwa spoki ya baiskeli, nililikaza mwenyewe. Roho ikae wapi?

Alhamisi, 14 Novemba

Dar kuna mtu anaitwa Calvin, anauza gitaa la namna hiyo. Limetumika kidogo. Bei siiandiki. Wewe unaiona, na inatosha.

Emerensiana alikuwa amenipa fedha ya mbolea ya kupandia niipeleke kwa wakala. Aliipata kwa kuuza mahindi yake ya akiba, ila nguruwe wetu jike mwenye mimba hakumgusa. Alinikabidhi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, kama mtoto mchanga.

Nikakumbuka Injili ya talanta. Yule mtumishi aliyefukia fedha ya bwana wake ardhini alikaripiwa vibaya sana. Na mbolea ni nini, somo wangu, kama si fedha iliyofukiwa ardhini?

Nimemtumia Calvin ile fedha kwa simu. Baada ya kutuma nikakumbuka kwamba ile ni Injili ya watu walioulizwa hesabu mwishoni.

Nyumbani nikasema wakala hajapokea mzigo. Emerensiana akasema basi tusubiri, Mungu ni mwema. Akaniongezea mboga.

Jumamosi, 16 Novemba

Limefika! Nimelipokea stendi, nikalipakia kwenye baiskeli. Watu wakanipa pole njiani, boksi lilikuwa refu kama jeneza.

Uzuri wake siwezi kuueleza. Linang'aa kama mlango wa tabenakulo. Lina nyuzi tano. Mimi nimezoea nne. Wa tano sijui wa nini, kwa sasa naukwepa. Mgongoni lina betri. Calvin alinipigia kunionya kwamba nikimaliza kupiga nichomoe waya, la sivyo betri inaliwa hata gitaa likilala. Nikamwambia hayo najua. Sikuwa najua.

Pia alinisifia ule ubao mweusi wa kubonyezea nyuzi. Mti adimu sana, alisema, Wazungu wanautafuta kwa tochi, na nusu ya bei iko hapo. Nimeutazama juani. Nimeunusa. Ni mpingo. Mchi wetu wa kutwangia, aliotupa mama mkwe kutoka Namtumbo, ni mpingo huohuo. Umeegemea ukuta wa jiko, kuku wanaunyea.

Emerensiana akanikuta navyo vyote viwili mkononi, gitaa huku na mchi huku. Akauliza hilo gitaa ni la nani. Hapo ndipo ulimi wangu uliponitangulia. Nikasema ni la parokia. Mfadhili hataki kutajwa, mimi natunza tu.

Akafurahi, akasema kumbe wananiamini. Somo wangu, laiti angenipiga kwa ule mchi.

Jumapili, 17 Novemba

Mpango ulikuwa huu: nilipige Kristo Mfalme, nimshinde Romwaldi, Jumatatu nilirudishe kwa Calvin, ninunue mbolea. Mpango mzuri kabisa. Umedumu hadi baada ya misa ya kwanza.

Emerensiana alimsimulia Mama Ekaristia, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kumsimulia Mama Ekaristia ni sawa na kugonga kengele ya kanisa. Kwenye matangazo ya misa ya pili, Padri Polikarp akamshukuru mfadhili asiyetaka kutajwa, akasema gitaa litabarikiwa Jumapili ijayo mbele ya wageni. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Ningefanyaje?

Alasiri Romwaldi akaja nyumbani. Akanisalimu, akakaa chini kabisa kwenye kigoda. Kwa adabu zote akasema kwa kuwa gitaa ni la parokia, na yeye ni mwanaparokia, pengine tungeweza kupangiana zamu.

Nikamwambia linahitaji kupumzika kwanza, limesafiri.

Akaitikia polepole, kama anayemsikiliza mgonjwa.

Jumanne, 19 Novemba

Mazoezi ya kwaya. Nilijisifu kupita kiasi. Nilisema hata kiziwi atasikia tofauti. Valence akasema vema, tujaribu. Akaamuru kwaya nzima igeukie ukuta, nami nipige wimbo uleule mara mbili, kwanza gitaa moja kisha jingine, bila kusema lipi ni lipi.

Nikapiga. Wakageuka. Valence akawauliza jipya ni lipi.

Mama Ekaristia hakusita. Akasema la pili, maana la kwanza lilikuwa linanguruma kama tumbo lenye minyoo, bali la pili lilisikika safi, mtu anasikia fedha ilivyofanya kazi. Karibu wote wakamuunga mkono.

La pili lilikuwa lile la spoki.

Nikainama, nikajifanya nakaza nyuzi. Valence na Romwaldi, ambao hawakugeukia ukuta, waliniona. Valence akaishia kusema siku ya Kristo Mfalme nipige mimi, kwa kuwa gitaa liko kwangu na wageni lazima walione. Kwa hiyo nimeshinda. Sijawahi kuona ushindi wa kunitoa jasho la namna hii.

Nimelirudisha nyumbani, nimelitundika sebuleni na waya wake umening'inia. Likiwa na waya linapendeza zaidi.

Jumapili, 24 Novemba, Kristo Mfalme

Andiko hili nalifupisha.

Padri akalibariki. Si kwa tone moja. Alinyunyiza mpaka nikafuta macho. Akaomba kwamba chombo hiki, kilichotolewa kwa moyo safi, kiwe mali ya nyumba ya Bwana daima, kisitumike kwa biashara wala majivuno. Nikaitikia amina. Amina yangu mwenyewe ndiyo iliyonifunga. Kitu kilichobarikiwa nitamuuzia nani? Calvin? Pale pale nikaona mbolea ikipaa na moshi wa ubani.

Wimbo wa kuingia ukaanza. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya cha kaburi. Betri, somo wangu! Waya ulikaa umechomekwa tangu Jumanne.

Kanisa limejaa, kwaya za watu ziko mbele yangu, natikisa vidole kama mtu anayechambua mchele.

Romwaldi alikuwa ameketi nyuma ya spika. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono, akachomoa waya kwangu, akachomeka kwenye gitaa la spoki alilokuwa amelipakata, akaanza kupiga. Amefumba macho. Kanisa likatulia. Mimi mbele nachambua mchele, yeye nyuma anasali. Misa nzima.

Baada ya misa wageni wakanizunguka wanishike mkono. Wakasema tofauti ya gitaa la bei inaonekana wazi. Mama Ekaristia akawaambia, "Si niliwaambia? Kitu cha thamani hakijifichi."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni asanteni.

Romwaldi alikuwa anakunja waya. Nilipompita akaniambia kwa sauti ndogo, "Pole, kaka Athanasi." Basi. Ningempa lile gitaa anivunjie kichwani.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua imenyesha asubuhi. Mvua halisi, ya kupandia. Majirani wakapita na mifuko ya mbolea kwenye baiskeli. Baiskeli nyingine nilizitengeneza mimi. Emerensiana akasimama mlangoni na jembe, akaniuliza kwa upole kama nimepita kwa wakala.

Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, Calvin, mfadhili, betri. Hakupiga kelele. Aliweka jembe chini, akalitazama lile gitaa ukutani muda mrefu.

"Baba Suzana," akasema, "basi libebe. Kalipigie shamba. Tuone kama mahindi yataota."

Akaenda shambani peke yake. Nilimfuata nikiwa mikono mitupu. Tulipanda mbegu bila mbolea, mstari baada ya mstari. Hapo ndipo nilipojua kitu nilichouza. Alikuwa akiniamini kama mtu anavyoamini ukuta wa nyumba yake, anauegemea bila kuugeukia.

Jumatano, 27 Novemba

Romwaldi amekuja na mkokoteni. Umejaa samadi ya nguruwe wake. Sijui nani alimwambia, ila Mama Ekaristia yupo mjini. Akamwambia Emerensiana kwamba mahindi yakiota, samadi iwekwe kando ya shina, haitashindana na ya dukani lakini njaa haitaingia. Nikauliza nimlipe nini. Akasema, "Mlongo wangu, wewe ni ndugu, malipo ya nini? Nionjeshe tu lile gitaa."

Niliweka betri mpya. Spika ndogo ya kwaya ilikuwa kwangu kwa matengenezo. Akakaa kwenye kigoda kilekile, akafumba macho. Akautumia hata ule uzi wa tano. Kumbe una kazi! Unashuka chini kabisa, mahali mtu anapowekea huzuni zake.

Emerensiana akaacha kupepeta. Alipomaliza, akamwuliza kama kweli gitaa hili lina thamani ya fedha yote ile. Romwaldi akafikiri. Akasema ni gitaa zuri, halidanganyi. Ukilipigia kitu kizuri linakirudisha, ukilipigia kibaya linakirudisha vilevile, tena kwa uwazi. Lile la spoki linamsitiri mtu.

Emerensiana akanitazama, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nikaona aibu mpaka masikioni, lakini nikashukuru. Nikamwambia Romwaldi alichukue, yeye ndiye mpigaji. Nilisema hivyo mbele ya shahidi. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kitubio.

Jumamosi, 30 Novemba

Somo wangu, nanuka samadi, nimebeba siku tatu. Emerensiana amenirudishia chai ya maziwa. Leo tena ameniomba nimsaidie kumlinda nguruwe jike wetu, ana mimba, watoto watakuja karibu na Krismasi, tukiwauza ndiyo mbolea ya kukuzia hiyo. Ameniachia mimi ufunguo wa banda. Amesema jambo limepita.

Ni kweli limepita. Nimejifunza. Nimekaa nikatafakari kwa sala, na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Halikuwa kwangu. Halikuwa hata kwa gitaa. Ni spika! Spika ya kwaya ni ya kutangazia misiba, roho ya gitaa itapitaje humo? Yule Mzungu amelieleza vizuri sana, jana nilimtazama mara mbili. Ndiyo maana siku ya mazoezi walichagua la spoki. Nikipata spika inayofaa, hata Romwaldi atasikika vizuri zaidi. Sasa namfikiria Romwaldi, unaona nilivyobadilika.

Calvin anayo moja. Nilimwuliza bei tu, kuuliza si dhambi. Nikamtumia na picha ya nguruwe. Amesema ataningojea mpaka Jumatatu.

Ufunguo ninao mfukoni. Tafadhali somo wangu, nijibu mapema, kabla Emerensiana hajarudi kutoka shambani.

Wako katika Kristo,
Athanasi